Neno Nililopanda Nalo Kibosho

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka minne alipoanza kuitikia salamu ambazo hakupewa. Mtu mzima anaingia uani kwetu Pasua, mjini Moshi, mtoto anamtazama viatu, kisha kwa sauti safi kabisa anasema, "Marahaba!" Nikimwambia, "Sema shikamoo," ananirudishia vilevile, "Sema shikamoo." Siku za mwanzo majirani walicheka. Alipofika miaka mitano hawakucheka tena. Mtoto wa mwalimu anajipa umri wa wazee, tena bila kumtazama mtu usoni, amelelewa na nani huyo? Jirani mmoja alinikumbusha kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Basi nikamfunza. Nilimchapa kwa fimbo ya mpera, mara nyingi, kwa sababu ya salamu. Naliandika hili mapema kwa kuwa yote yanayofuata yanatoka hapo, na kwa kuwa najua yupo mzazi anayesoma huku fimbo yake iko nyuma ya mlango.

Neno nililokuwa nalo wakati ule lilikuwa "ujeuri". Nafundisha Kiswahili shule ya msingi, huu mwaka wa kumi na nne, na sikuwahi kulichunguza neno hilo hadi liliponigharimu. Ukimwita mtoto mjeuri, umeshasema kwa pumzi moja kwamba anajua linalotakiwa, analiweza, na amelikataa. Hukumu imo ndani ya neno lenyewe. Ukishalitamka, fimbo inafuata kama maji yanavyofuata mfereji.

Mwalimu wa darasa la awali ndiye aliyenivuta pembeni. Hakuniambia mtoto ana nini. Aliniambia tu, "Mwenzangu, huyu hakatai. Mwangalie vizuri." Ilinichukua miaka miwili kuangalia vizuri. Tulianza na masikio, na hilo namshauri kila mzazi: mtoto asiyeitika apimwe kusikia kwanza. Masikio yalikuwa mazima. Baada ya hapo nikayumba. Kuna ndugu walioniambia ni pepo, nikampeleka kwenye maombi wikendi saba. Mimi nasali mpaka leo, sina ugomvi na sala. Lakini mtoto aliyekuwa anaziba masikio blenda ikiwashwa, nilimsimamisha mbele ya vipaza sauti saa tatu nzima, na alipopiga kelele watu wakasema pepo ndiye anayelia. Hilo nalo limo kwenye hesabu yangu.

Hesabu ya fedha ni nyepesi zaidi kuitaja. Nauli, kadi, vipimo, mtu wa kunishikia vipindi, vyote vilizidi Sh 600,000 kwa miaka miwili, na mshahara wa mwalimu unajulikana. Kilichonisaidia kuliko fedha ni daftari la kurasa arobaini nililoanza kuandika kila siku: leo kafanya nini, saa ngapi, kabla yake kulitokea nini. Daktari aliyetupokea mwishoni alilisoma lile daftari kwa utulivu kuliko alivyonisikiliza mimi nikilia.

Aliniuliza, "Anakutazama machoni?" Nikajibu, "Hapana, ana adabu." Nilijibu kwa moyo wote. Kwetu mtoto anayemkazia macho mkubwa ndiye anayekemewa, na anayeinamisha kichwa husifiwa. Kumbe dalili ilikuwa mbele yangu miaka yote ikiwa imevaa nguo ya sifa njema. Daktari akatabasamu, akasema jibu hilo hulisikia sana, na kwamba ndiyo maana hamalizi kazi kwa siku moja. Alimwona mwanangu mara nne, akaongea na mwalimu wake, akamtazama akicheza, ndipo akalitamka neno: usonji, kwa Kiingereza autism, yaani hali ya ubongo kukua kwa namna tofauti, inayogusa mawasiliano na namna ya kuhusiana na watu.

Nilikuwa nimelisikia redioni, maana Siku ya Usonji Duniani huadhimishwa 2 Aprili tangu 2008. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba linaweza kuingia nyumbani kwangu. Nilipotoka pale nilihisi mwili mwepesi. Hakuwa mkaidi, hakuwa na pepo, nami sikuwa mama mbaya. Wepesi huo ulidumu hadi kituo cha daladala. Nilipokaa kitini, mtoto akiwa mapajani anahesabu nguzo za umeme, fimbo zote zikarudi. Wahenga wametufundisha kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Siku ile yaliyopita yaligeuka ndwele. Jana yake nilikuwa mama aliyemrudi mtoto mjeuri. Leo, bila mkono wangu kufanya jambo jipya lolote, nilikuwa mama aliyempiga mtoto kwa kosa ambalo halikuwepo. Matendo ni yaleyale. Jina limebadilika, na mimi nimebadilika nalo, tena kuanzia nyuma.

Sikuwa nimeandaliwa kwa hilo. Kama kuna mtu anakaribia kupewa neno jipya kuhusu mtoto wake, ajue kwamba litafika mara mbili. Mara ya kwanza litamfungua, na mara ya pili litamdai.

Nikaanza kusoma usiku, kwenye simu, mpaka macho yakauma. Nilisoma kwamba mwaka 1943 daktari wa akili wa watoto Leo Kanner, huko Baltimore, Marekani, aliandika kuhusu watoto 11 aliowaona. Akaeleza kwamba baadhi yao walirudia maneno kama walivyoyasikia, hata wakajiita "wewe" na kumwita mwenzao "mimi". Nililia. Marahaba ya mwanangu ilikuwa hiyohiyo. Yeye husikia mtu mmoja anatoa neno na mwingine analipokea, akashika nusu moja ya mazungumzo na kuitumia kwa uaminifu wote.

Nilisoma pia kwamba miaka iliyofuata lawama iliwekwa kwa wazazi, hasa akina mama, kwamba ubaridi wao ndio uliomfunga mtoto. Wakaitwa akina mama friji. Mwanamke analala macho wazi miaka na miaka, kisha anaambiwa ni yeye. Mmoja wa waliolipinga wazo hilo alikuwa Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, aliyeandika mwaka 1964. Mwingine aliyelipanua neno lenyewe likawaingiza watu wengi waliokuwa nje ni Lorna Wing wa Uingereza, daktari wa akili, naye mama wa binti mwenye usonji. Ndiye aliyelifanya jina la Asperger, lililotumika kwa namna mojawapo ya usonji, lijulikane, mwaka 1981. Kisha mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ukaliondoa jina hilo na kulimezesha ndani ya usonji. Nikawaza juu ya watu waliokuwa wameishi na jina lile, wamejielewa kwalo, wamepata marafiki kwalo. Asubuhi moja wanaambiwa halipo tena. Uamuzi huenda ulikuwa na sababu nzuri za kitabibu. Lakini mtu anayeamua juu ya neno mara nyingi si yeye anayelala nalo.

Ningekuwa na busara, ningeishia kwenye mawazo hayo. Badala yake nikayabeba yote kama mzigo wa sikukuu, nikapanda nayo Kibosho, kwao mume wangu, kwenye mteremko wa Kilimanjaro.

Mimi ni Mpare, nimeolewa Uchagani. Kila Desemba tunapanda nyumbani kwa mama mkwe, nyumba iko katikati ya migomba na kahawa, na makaburi ya familia yako pale pale kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, yamezungukwa na mimea ya masale. Mwaka ule watu walikuwa wengi, waliotoka Dar es Salaam, Arusha, hadi Mwanza. Kulikuwa na ndafu, mtori na mbege. Mwanangu alijificha chini ya meza kwa sababu ya kelele. Wifi yangu mmoja akasema, bila ubaya, "Huyu kama marehemu kabisa." Mama mkwe akaitikia, "Ndiyo, ni bubu kidogo tu, kama marehemu. Ni watoto wa Ruwa hao." Ruwa kwa Kichaga ni Mungu.

Marehemu ni shemeji yangu, kitinda mimba wa mama. Alifariki kabla sijaolewa. Nilichokijua ni kile nilichosimuliwa na mume wangu: kwamba alikuwa na maneno machache sana, alipanga maganda ya ndizi kwa mistari iliyonyooka, alitembea bila kuangalia nyuma mpaka korongoni, na kijiji kilimwita taahira. Mama alipokwenda sokoni alimfungia ndani.

Nami, mbele ya watu wote wale, nikasema hivi: "Mama, neno bubu siku hizi halitumiki. Mtoto ana usonji. Na shemeji naye ni wazi alikuwa na usonji. Angepata msaada, asingefungiwa."

Nimeyapima maneno yale mara nyingi tangu siku ile. Sikusema kwa hasira. Nilidhani nawapa zawadi.

Mama mkwe aliinuka akaenda jikoni, hakurudi mezani. Usiku mume wangu aliniambia kwa sauti ya chini, "Umemshitaki mama yangu mbele ya watoto wake." Nikajitetea kwamba nilisema ukweli. Akageukia ukutani.

Alfajiri nilimkuta mama amekaa kwenye kigoda karibu na kaburi la mwanawe, amejifunika kanga mbili kwa baridi. Nikamwamkia, akaitika. Tukanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Ina maana kulikuwa na dawa?"

"Hapana, Mama. Hakuna dawa hata sasa."

"Kulikuwa na shule?"

Sikujibu.

"Ina maana nilimfunga mtu ambaye hakustahili kufungwa."

Nikakimbilia lile jibu jepesi: "Mama, ulikuwa hujui."

Akanitazama, na siku ile nilielewa kwamba hata faraja inaweza kuwa tusi. "Nilikuwa najua," akasema. "Mwanangu nilimjua kuliko mtu yeyote. Nisilolijua ni neno lenu."

Nilikaa na sentensi hiyo mwaka mzima. Kosa langu halikuwa ukali wa sauti wala kuchagua siku mbaya, ingawa vyote viwili vilikuwepo. Kosa lilikuwa kwamba neno jipya lina gharama, na mimi niliifanya gharama hiyo alipe yeye peke yake. Mimi nililipata neno mtoto wangu akiwa na miaka sita. Nilikuwa na muda wa kutupa fimbo, kumkumbatia, kuanza upya. Yeye alilipata mtoto wake akiwa ardhini. Mlango aliokuwa anaufunga ulikuwa, kwa maneno aliyokuwa nayo, ulinzi: upande wa pili kuna korongo, yeye ni mjane, ana mkungu wa ndizi wa kuuza, hana wa kumwachia mtoto. Aliporudi alimlisha kwa mkono wake hadi mtu mzima. Nilipoleta neno langu, mlango uleule ukawa ukatili, na yale ya kumlisha hakuna aliyeyataja. Sidhani kwamba mlango ule ulikuwa sawa. Nadhani tu kwamba mtu akihukumiwa kwa neno ambalo halikuwahi kumfikia, aliyelileta neno hana budi kukaa naye kizimbani.

Na kuna lililo zito zaidi. Daktari alihitaji kumwona mwanangu mara nne, na daftari la kurasa arobaini, ndipo athubutu. Mimi nilimpa marehemu jina kwa sentensi moja, mtu ambaye sikuwahi kumwona, asiyeweza kukubali wala kukataa. Huenda nilikuwa sahihi. Haki hiyo lakini sikuwa nayo. Siku hizi nasikia watu wengi wakifanya hivyo kwa ndugu zao waliokufa: babu alikuwa na hiki, shangazi alikuwa na kile. Nawaomba wapunguze mwendo. Wafu nao wana wenyewe walio hai.

Shangazi wa mume wangu ndiye aliyenionyesha njia. Aliniambia maneno yangu yameshakuwa mengi, sasa nibebe isale. Sikukulia kwenye mila hiyo. Kwa Wachaga jani la isale ndilo linaloomba radhi pale mdomo uliposhindwa, na anayeletewa hamkatai aliyelileta. Siku ya mwaka mpya, mbele ya watu walewale waliokuwepo siku ile, nilipiga magoti nikampa mama jani. Nilitaka kueleza, shangazi akanibana bega ninyamaze. Mama alilipokea. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Ushauri wangu kwa mtu aliyekosea hadharani kama mimi: radhi nayo iombwe hadharani, na iwe fupi.

Tulipokuwa tunafunga mizigo nilimuuliza swali ambalo ningepaswa kuliuliza mwanzo: "Mama, shemeji alipochafukwa, ulikuwa unamtulizaje?" Uso wake ukabadilika. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. Akaniambia alimmwagia maharage kwenye ungo na kumwachia achambue, akachanganya makusudi na kokoto ili kazi isiishe. Siku za kelele nyingi alimviringisha kwa blanketi zito akambana kwa mikono miwili mpaka apumue taratibu. Hakumsemesha mfululizo, alimwambia jambo moja, akasubiri.

Tuliporudi mjini tulianza kumwona mtaalamu wa tiba kazi, anayemsaidia mtoto kumudu shughuli za kila siku (hapa Moshi kipo chuo kinachowafundisha, ni bahati kubwa kwetu). Mwezi wa pili nikagundua kwamba mengi anayonielekeza nilishaelekezwa kihambani: kazi ya vidole, uzito wa kumtuliza, maneno machache. Mama mkwe hakuwa na neno, lakini mikono yake ilikuwa na maarifa. Nikampigia simu kumwambia. Alikaa kimya, kisha akauliza kama maharage yetu ni ya njano au mekundu, kwa sababu yule wake alipenda mekundu.

Shuleni nako mambo hayakuwa mepesi. Shule yetu ina kitengo cha elimu maalumu, na neno "kitengo" lilichaguliwa kwa heshima kabisa, ili watoto wasiitwe majina ya zamani. Siku moja kwenye foleni ya uji nikasikia mtoto wa darasa la nne akimwambia mwenzake aliyekosea hesabu, "We kitengo nini?" Miguu iliniisha nguvu. Neno tulilolileta liwalinde lilikuwa limeshageuzwa jiwe. Ningelifuta na kuleta jingine, nalo lingeokotwa. Nadhani neno jipya likipandwa juu ya dharau ileile, hunyonya dharau. Tulichofanya hakikuhusu maneno: tuliomba watoto wa kitengo wagawe uji wao pamoja na wa madarasa mengine, kila Ijumaa. Tusi halijaisha. Limepungua kwa wale waliowahi kupewa kikombe na mkono wa mtoto wa kitengo.

Kama mwalimu wa lugha nililichimba zaidi. Kiswahili cha zamani kiliwapa watu hawa majina yenye umbo la ngeli ya vitu: kilema, kiwete, kipofu, kiziwi. Kisha tukahamia umbo la ngeli ya watu, mlemavu, na baadaye mtu mwenye ulemavu, kama inavyosema Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Albino naye aliitwa zeruzeru, leo tunasema mtu mwenye ualbino, na katika nchi ambayo watu hao wamewindwa na kuuawa, mabadiliko hayo si mapambo. Nilifurahia safari hiyo hadi siku nilipomsahihisha binti wa fundi cherehani wetu. Alisema baba yake ni kiziwi. Nikamwambia aseme "mwenye ulemavu wa kusikia". Binti akamweleza baba yake kwa ishara, mzee akacheka, kisha akajibu kwa mikono, na binti akatafsiri: "Anasema yeye ni kiziwi. Chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania. Anauliza wewe neno hilo umetumwa na nani?"

Nilikuwa sijatumwa na mtu. Wasioona hawakuliweka "vipofu" kwenye jina la chama chao. Viziwi wakalibeba "viziwi" na kulivaa. Wote wamo katika haki yao. Sasa kabla ya kusahihisha namuuliza mwenye jina.

Nyumbani nilikosea upande mwingine pia. Baada ya kulitupa neno "ujeuri", nilililaza "usonji" juu ya kila kitu. Akimwaga maziwa, usonji. Akimng'oa mdogo wake nywele, usonji. Binti yangu, akiwa na miaka mitano, alisimama mbele yangu na alama ya meno mkononi akauliza, "Mama, kaka akining'ata ni usonji, mimi nikimng'ata ni ujeuri?" Nilikosa jibu kwa siku kadhaa. Neno linaloeleza kwa nini mtu alifanya jambo haliondoi maumivu ya aliyefanyiwa, na mimi nilikuwa nimemfanya binti yangu asiwe na pa kulia. Sasa tunayaweka mambo mawili bila kuyachanganya. Kaka anafundishwa, polepole, kwa picha, kwamba kung'ata kunauma. Na dada anapewa pole yake kamili, bila "lakini". Wazazi wenye mtoto mmoja wa namna hii na wengine wasio hivyo, msiwasahau hao wengine. Wanalipia neno ambalo hawakuliomba.

Kwenye ripoti za muhula nimeacha kuandika "mjeuri". Naandika nilichokiona: "Anaondoka darasani kengele ikilia kwa nguvu." Ni sentensi ndefu na nafasi kwenye fomu ni finyu, ila mzazi akiisoma anapata la kufanya. Lakini ripoti za miaka kumi na zaidi zilishatoka. Namkumbuka mvulana mmoja, zamani, aliyekuwa anajizungusha na kukataa kuandika kwa kalamu nyekundu. Nilimchapa mbele ya darasa. Mwaka jana nilikutana na mama yake soko la Mbuyuni, anauza nyanya. Moyo ulinidunda. Zamani ningemwambia, kwa nia njema, mtoto wako huenda alikuwa na hiki na hiki. Nikamwambia tu: "Mama, nilimpiga mwanao kwa jambo ambalo hakustahili. Naomba radhi." Akapanga nyanya zake kwa muda. Akasema mwanawe anaendesha bajaji Arusha, ana mtoto. Kisha akanipa namba yake, "Mwambie mwenyewe, Mwalimu." Nimeshampigia. Tuliongea dakika mbili. Aliniambia anakumbuka kalamu nyekundu, zinamkera mpaka leo, na hakusema zaidi. Sikumuuliza zaidi.

Sijalitaja jina la mwanangu humu, na sitalitaja. Ana miaka tisa, hajafika pa kuniruhusu, na sijui neno gani atataka kuitwa akiwa mkubwa. Huenda atalitaka "usonji", huenda atalitupa, huenda litakuwa limeshabadilishwa na wengine kabla hajaamua. Naweza kusema tu kwamba ni wa kwanza, na kwa desturi ya kwao amebeba jina la babu mzaa baba, yaani marehemu mume wa mama mkwe.

Desemba iliyopita tulipanda tena. Mama alikuwa barazani na wakwe zake wawili. Mtoto alishuka garini, akatembea moja kwa moja hadi kwenye kigoda, akatazama ndala za bibi yake. Nilishaanza kusogea ili nimsemee salamu. Mama mkwe akaniinulia kiganja nisimame. Akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Shikamoo."

Wifi yangu alishtuka: "Mama! Unamwamkia mtoto?"

"Namwamkia mwenye jina hili. Nilimwamkia miaka arobaini," akasema. "Naye kuitikia ndiko anakoweza. Sasa tabu iko wapi?"

Mtoto hakuitika. Alisimama pale, akageuka, akaenda kutafuta ungo. Mama hakuonyesha kuvunjika moyo, akaendelea na maongezi yake. Keshokutwa yake tulipokuwa tunateremka, hiace imejaa, mvua inapiga bati, mwanangu aliegemeza paji la uso kwenye kioo, na nyumba ya bibi ilikuwa imeshapotea nyuma ya migomba.

"Marahaba," akasema.